Vidonge vya Stoo ya Sumu

Bomba, mpulizia dawa, hakuogopa kitu shambani isipokuwa midomo ya wenzake. Daktari alipomwambia kwamba mbegu zake za uzazi zimedhoofishwa na dawa anayopulizia nyanya, akampa vidonge vya vitamini C na E na kumsihi ajikinge, kidume alivipeleka wapi? Stoo ya shamba, nyuma ya madebe yenye picha ya fuvu, mahali ambapo hakuna mwenye akili timamu angepekua. Wenzake wangejua anahangaikia mtoto, angekoma kwa utani.

Kila asubuhi alipima dawa, akaizibua pua ya bomba la kupulizia kwa kuipuliza kwa mdomo, kama walivyofanya wote, kisha akajitupia kidonge kinywani kwa vidole vilevile. Hakuruka hata siku moja. Nyumbani mawifi walikuwa wamemchosha mkewe kwa maswali, na mama mkwe alishaanza kutafuta mke wa pili bila hata kupunguza sauti. Vipimo vya pili ndivyo vingeiokoa ndoa ile.

Majibu yakaja mabaya kuliko ya kwanza.

"Nimemeza vyote, daktari! Haki ya Mungu!" Bomba akaitoa chupa ya vidonge mfukoni.

Daktari akaifungua, akanusa, akaifunga haraka. "Ulikuwa unaiweka wapi?"

Akasema. Akataja na kule kuzibua bomba la dawa kwa mdomo, maana kwake hilo halikuwa kosa.

"Baba, vitamini zinausaidia mwili kujitetea. Haziwezi kushindana na sumu unayoilamba kila siku."

Bomba alinywea kitini. Alijichukia mpaka mate yakawa machungu. Akamgeukia mkewe, aliyekuja naye. "Kumbe ni mimi niliyejiharibu mwenyewe. Leo nitawaambia wote nyumbani, ni mimi." Alidhani hakuna neno gumu kuliko hilo.

Mkewe alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, iliyochubuka vidoleni.

"Daktari," akauliza taratibu, "ovaroli zake zilizolowa dawa nafua mimi. Kwa mikono, tangu tuoane. Na ile mimba iliyonitoka mwaka jana, ambayo sikumwambia mtu..."

Bomba akamkodolea macho daktari, akiomba kimoyomoyo aseme hapana.

Daktari aliweka kalamu chini, akavuta kiti, akaketi karibu na mke wa Bomba.