Kuwasengenya Waandishi

Msimamizi wangu wa utafiti alinirudishia kwa mara ya pili ile orodha ya marejeleo yenye maelezo, na ujumbe uleule: "Umeeleza kila mwandishi anasema nini. Wewe unamwonaje?" Nikachemka. Niliingia jikoni, dada yangu anaosha vyombo, nikamwaga yote.

"Eti namwonaje! Huyu wa kwanza anajitapa kana kwamba kahoji mji mzima, kumbe kahoji majirani zake. Wa pili kamnakili wa kwanza mpaka makosa. Wa tatu ndiye mwenye takwimu za kueleweka, lakini anaandika kama anamkomoa msomaji!"

Dada alicheka mpaka sahani ikamponyoka. "Mdogo wangu, kwa kusengenya hujambo. Si uandike hivyohivyo?"

Nikaandika hivyohivyo, nikapunguza chumvi kidogo tu. Vidole viligoma nilipofika kwenye makala ya msimamizi mwenyewe, maana nayo ilikuwamo. Nikasema liwalo na liwe: "Hoja yake ni nzito, ila anaifikia ukurasa wa mwisho, msomaji keshalala."

Orodha iliporudi kutoka kwa msimamizi, niliifungua kwa jicho moja, dada kasimama nyuma yangu na taulo la vyombo. Alama za vema kila mahali! Pembeni mwa maelezo ya makala yake tu ndipo alipoandika neno:

"Hata mke wangu alilala. Anza kuandika sura ya kwanza."