Drili Kubwa Kuliko ya Aukot

Mzee Lomorukai hakuwa na gari. Hakuwa na ng'ombe tena, wala meno mawili ya mbele, wala cheti cha shule ya mchana, kwa maana masomo yake yote aliyapata usiku, katika darasa la watu wazima, kichwa kikiwa tayari kina mvi. Hakuwa na rafu hata moja ukutani. Na hakuwa na drili ya betri.

Hayo mengine aliyazoea. Drili ndiyo iliyomkosesha raha, kwa sababu jirani yake Aukot alikuwa nayo.

Aukot alikuwa dereva wa lori mstaafu. Tangu aipate drili yake, aliivaa kiunoni kama askari na bastola, akazunguka mtaa mzima pale Lodwar akifunga bawaba, akitundika mapazia na kunywa chai za wake za watu. Mlango ukilegea popote, wanawake walisema, "Mwite Aukot."

Jumatatu moja Lomorukai alirudi kutoka mkutano wa wazee wa kanisa akasikia mlio ndani ya nyumba yake. Aukot alikuwa sebuleni, anakaza skrubu ya fimbo ya pazia. Asekon, mke wa Lomorukai, alimshikia pazia na kumtazama bila kupepesa macho. Lakini lililomchoma Lomorukai zaidi lilikuwa chini. Ili afike juu, Aukot alikuwa amesimama kwenye ekicholong ya Lomorukai, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia mchana na kukifanya mto akilala, na ambacho hamwazimi mtu.

"Ejok, mzee wangu!" Aukot alisema bila kushuka.

"Shuka hapo."

"Ngoja, imebaki moja. Brrr! Umeona? Wewe na nyundo yako ungekuwa bado unatafuta msumari."

"Nimesema shuka. Hiyo ni ekicholong yangu."

Aukot akatazama miguuni. "Kumbe! Mimi nilidhani ni kistuli cha mama cha kukamulia mbuzi."

Asekon akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini Lomorukai alikula nacho chakula cha jioni, akalala nacho.

Asubuhi Asekon alimwambia, "Jumapili kina mama wa kanisa wanakuja kusali hapa. Nataka rafu mbili za vikombe. Aukot amesema atakuja Jumamosi."

"Aukot hatagusa ukuta huu tena."

"Basi nani atazifunga?"

"Mimi mwenye nyumba."

Asekon alimtazama kama mtu mwenye neno mdomoni, kisha akachukua mtungi akaenda zake.

Maduka ya Lodwar yalikuwa na drili. Lakini ya Aukot ilinunuliwa Lodwar, na Lomorukai hakutaka drili iliyo ndugu ya hiyo. Aliuza beberu mmoja, akaenda hadi Kakuma, kwenye soko la kambi ya wakimbizi, kwa Mkongomani mmoja aitwaye Magloire aliyeuza vifaa vya ufundi.

"Bonjour, papa. Karibu. Unatafuta kintu gani?"

"Drili ya betri. Iwe kubwa kuliko ya Aukot."

"Aukot ni nani?"

"Si mtu wa maana."

Magloire akapanga tatu mezani. Ndogo ilikuwa nyepesi, ya kukaza skrubu na kutoboa mbao. Ya pili ilikuwa na mwendo wa polepole na wa haraka. Ya tatu ilikuwa na betri nene kama tofali, na shingoni pete yenye alama ya nyundo. Ukiizungusha pete hadi hapo, drili inatoboa huku inagonga.

"Papa, ukuta ya nyumba yako iko ya nini? Mawe? Ao udongo?"

Ukuta ulikuwa wa miti na udongo, umepakwa simiti nyembamba juu. Lomorukai hakuona sababu ya kutangaza hayo sokoni.

"Ukuta ni ukuta," alisema.

"Hapana, papa. Ya nyundo ni ya mawe. Kama iko udongo, kamata hii ndogo. Hata mukono haichoke."

"Ya Aukot imeandikwa volti kumi na mbili. Hii kubwa je?"

"Makumi mbili."

"Iwashe."

Ilipolia, wauza vitunguu wa upande wa pili waligeuka wote. Lomorukai alizipima zile tatu kama alivyozoea kuchagua mbuzi: akazishika shingo, akazichungulia mdomoni, akazinyanyua moja moja. Ile kubwa ilimvuta bega. Akafikiri jinsi mlio wake utakavyoruka ua na kumkuta Aukot kwenye chai yake.

"Nipe hii."

"Papa, ile ndogo..."

"Mimi nimesoma, bwana. Kumi na mbili na ishirini nazijua."

Jumamosi alingoja mpaka Aukot aonekane uani kwake, maana ukuta wa sebule ulielekea huko. Mstari wa rafu alikuwa ameuchora kwa penseli na rula, umenyooka kabisa. Akazungusha pete hadi kwenye nyundo, akaegemea kwa uzito wake wote, akabonyeza.

Drili haikutoboa, ilipita. Simiti ilianguka vipande kama sinia, udongo ukafuata, na mwanga wa nje ukaingia ndani. Vumbi lilipotulia, jicho likatokea upande wa pili.

"Ejok, mzee," jicho lilisema. "Mnafungua dirisha? Mniite basi nilitundikie pazia."

Lomorukai alisubiri kicheko cha mkewe. Hakikuja. Asekon alikuwa amekwisha kuinama, anachanganya udongo na maji kwenye karai.

Kwa Waturkana, mwanamke ndiye anayejenga nyumba. Yeye hukata miti, hufunga, hukandika. Mume huingia ikiwa tayari. Lomorukai aliyajua hayo tangu utotoni, lakini wiki nzima ya wivu haikumpa nafasi ya kuyakumbuka.

"Leta hiyo kitu," Asekon alisema, akifuta mikono.

"Itakuumiza, Mama Adome."

"Mama yangu alijenga nyumba zetu zote, hakuna mwanamume aliyeshika hata kijiti. Unadhani nilikuwa namtazama Aukot? Nilikuwa natazama mkono wake unafanya nini. Nilimwomba aniazime drili siku moja tu. Akasema si ya wanawake, lazima ije na yeye."

"Alisema hivyo?"

"Halafu akaomba chai."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia, Baba Adome? Umenuna tangu Jumatatu."

Asekon akairudisha pete mahali pasipo na nyundo. Nguzo za ukuta alijua zilipo, alizichimbia mwenyewe. Lakini mstari ulikuwa juu na mkono wake haukufika. Alitazama huku na huku. Lomorukai akaivuta ekicholong yake kutoka chini ya kiti, akaiweka mbele ya miguu ya mkewe.

"Mzee!" jicho lilipiga kelele. "Unamkanyagisha mwanamke ekicholong?"

"Ni yangu. Ataikanyaga ninayemtaka. Na wewe ondoa jicho lako nyumbani kwa watu."

Asekon akachota bonge la udongo, akaliziba tundu, Aukot akiwa bado anasema. Kisha akapanda, akatoboa taratibu, akifuata mstari wa mumewe. Kila baada ya tundu moja alishuka kupumzisha mkono. Rafu zilipokaa, kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba, akakifunga kitambaa.

Jumapili kina mama hawakuangalia Biblia, waliangalia ukuta.

"Aukot amekufanyia kazi nzuri."

"Ni mimi," Asekon alisema.

Kabla chai haijaisha, wanne walikuwa wamemwalika kwao. Lomorukai, aliyesikia yote akiwa nje, aliona wivu kidogo tena, kwa nyumba hizo nne. Lakini alipokumbuka kwamba chai za nyumba hizo Aukot hatazinywa tena, ulipungua.

Jumatatu Aukot alikuja, kiunoni bila drili, akaiangalia ile kubwa.

"Mzee wangu, mnyama huyu ulimtoa wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali na Lodwar."

Alipoondoka, Lomorukai alichukua kalamu. Mwalimu wake wa usiku alimfundisha kwamba jambo zito huandikwa.

"Kwa Bwana Magloire. Ukuta ni wa udongo. Ulisema kweli, nami sikutaka kusikia. Niwekee ile ndogo. Ni ya mke wangu Asekon, mjenzi wa nyumba hii. Nitakuja na ile kubwa tubadilishane. Akitokea mtu aitwaye Aukot, mwambie drili zimekwisha."

Alilamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kiganja juu ya ekicholong, akaipeleka barabarani lilipoegeshwa lori la kwenda Lokichoggio kupitia Kakuma. Aukot alikuwa pale, akiongea na dereva.

"Barua ya nani hiyo?"

"Mambo ya nyumbani," Lomorukai alisema, akampa utingo bahasha, upande wenye jina ukiwa chini. Hakuondoka mpaka lori lilipoanza safari.