Kikao Alimozungumza Ebo

Siku Ebo alipoondoka alioga mara mbili. Alioga kulipopambazuka, akavaa, akakaa kitandani, kisha akavua tena akarudi bafuni kwa sababu, alisema, hoteli ile ina viti vyeupe. Mama yao, Maame Ekua, alimcheka kutoka jikoni.

"Unakwenda kuoa au unakwenda kuhutubia?"

"Kuhutubia, Maame. Ila wakinipa mke sitakataa."

Araba, dada yake, alimnyoosha kola na kumwambia asiikunje mikono ya shati mpaka amalize kusema. Ebo aliugua akili tangu alipotoka shule. Kuna miaka aliyotembea Sekondi yote bila viatu, akibishana na nguzo za umeme. Sasa alikuwa akidungwa sindano kila mwezi kliniki, na mchana alishinda kwenye kioski cha Araba cha ushonaji karibu na stendi ya malori, akifumua mishono iliyokosewa na kuokota pini. Muuguzi wake, Sista Baaba, ndiye aliyemwombea nafasi kwenye mkutano wa wapanga miji na wahudumu wa afya ya akili uliofanyika hotelini Takoradi. Walitaka mtu aliyewahi kuugua aseme mwenyewe mji uweje kwa watu kama yeye. Vikao vyote vingerekodiwa.

Hilo la kurekodiwa ndilo lililomshangaza Araba. Tangu augue, Ebo akiona simu imeinuliwa alikuwa anageukia ukutani. Safari hii alisema kamera zije tu.

"Nitawatazama machoni," alisema, akapanda teksi.

Wakati wa chakula cha mchana Sista Baaba alimtafuta ukumbini, barazani, vyooni, na kule nje walikokula madereva. Hakumwona. Jioni Maame Ekua alimfunikia kenkey yake, donge la unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga. Asubuhi samaki akapewa paka wa jirani.

Polisi hawakuandika kitu. Askari wa zamu alimsikiliza Araba mpaka aliposikia neno sindano, akaweka kalamu chini.

"Dada, wale hawapotei. Wanatembea. Akichoka atarudi."

"Na asiporudi?"

"Leta picha. Ya sasa."

Picha ya sasa haikuwepo. Iliyokuwepo ni ya shule, Ebo ana mashavu na tai. Araba aliipeleka kwa Paa Kwesi mchapishaji, wakatoa matangazo, wakayabandika njia panda zote mpaka Essikado. Hapo ndipo walipokosea. Ukuta wa Sekondi ni wa marehemu. Kila kona kuna sura ya mtu anayetabasamu, na chini yake siku ya mazishi, na watu hupita wakitazama sura tu, maandishi wanayajua tayari. Kabla jua halijawa kali, wanawake wawili wa kanisani waliingia uani kwa Maame Ekua wamevaa nyeusi na nyekundu za msiba. Nyuma yao kijana wa kukodisha viti akauliza avipange wapi.

"Pole, Maame. Kijana mdogo vile! Aliugua nini?"

Maame Ekua alipiga yowe lililowatoa watu majumbani. Aliwafukuza wale wanawake kwa mwiko, viti vikarudi kwenye mkokoteni, na jioni ile Araba akazunguka kuyabandua matangazo yote kwa kisu na maji.

"Mwanangu hawekwi ukutani tena kama maiti," mama yake alimwambia. "Unataka kumtafuta, weka Ebo wa leo. Mwembamba, na ndevu zake, na lile kovu la nyusi. Mtu akimwona ajue huyu anatembea, hajalazwa popote."

Na Ebo wa leo alikuwa mahali pamoja tu: kwenye ile rekodi.

Ndiyo maana Jumanne ile Araba alifunga kioski mapema. Alama nyekundu ya halmashauri, ile ya vibanda vitakavyoondolewa, ilikuwa bado mlangoni, msalaba mpana uliochuruzika mpaka chini, na kijana wa kikosi cha usafi wa mji aliyeipaka alikuwa amesimama jirani na kopo lake la rangi mkononi.

"Auntie Araba, Ijumaa gari linakuja. Usiseme sikukwambia."

"Umeniambia kila siku. Hata kasuku hupumzika."

"Mimi natumwa tu."

"Najua. Salimia waliokutuma."

Ofisi ya chama kilichoandaa mkutano ilikuwa ghorofani Takoradi, juu ya duka la vigae. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine. Ukutani lilining'inia bango la mkutano, limeandikwa Mji Unaoponya. Mama aliyekuwa mezani, Bi Dentaa, alikuwa na sauti ya upole wa kufundishwa.

"Karibu. Namba yako ya leseni?"

"Leseni ya nini, Madam? Mimi ni mshonaji."

"Oh. Basi pole. Rekodi za vikao ni za wanachama wenye leseni. Wanazitazama ili wapate alama za kuhuisha leseni zao."

"Ndugu yangu yumo ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya kikao. Alizungumza. Hajarudi nyumbani tangu siku ile. Sitaki hotuba za wakubwa. Nataka uso wake tu, niupeleke polisi na kwa mchapishaji."

Bi Dentaa alimtazama, na kwa kitambo uso wake ulikuwa wa mtu mwenye ndugu. Kisha akatazama mlango wa bosi wake.

"Tafuta mwanachama akufungulie. Mimi siwezi. Na sijakwambia hivyo."

Mwanachama aliyemjua alikuwa mmoja. Sista Baaba alikuwa kwenye chumba cha sindano, foleni imejaa benchi na imeanza kukaa sakafuni. Alipomwona Araba mlangoni alishusha macho. Tangu Ebo apotee hakuwa amekanyaga kwao.

"Sista, umenikimbia."

"Sijakukimbia. Nimeambiwa nisijiingize. Mkuu wangu anasema mgonjwa alipotea akiwa chini ya mkutano, si chini ya kliniki. Mkutano wanasema alipotea akiwa chini ya kliniki."

"Na mimi je? Kwangu alipotea akiwa chini ya nani?"

Mzee mmoja kwenye benchi akacheka kwa sauti. "Chini ya mbingu, binti. Huko hakuna ofisi."

"Mzee Arkaah, nyamaza usubiri zamu yako," Sista Baaba alisema, lakini alikuwa ameshaanza kuvua glavu. "Nikifungua kwa namba yangu, wakijua nimemwonyesha asiye mwanachama, wananivua leseni. Unaelewa? Nina watoto."

"Naelewa. Na mama yangu pia ana mtoto."

Sista Baaba alifunga mlango wa chumba cha dawa, akawasha kompyuta ya kliniki, akakaa mbele yake kana kwamba anaificha kwa mwili. Nje mtu aligonga akiuliza sindano zitaanza lini. "Sasa hivi!" alijibu, na vidole vyake vikakosea namba mara mbili.

Kikao kilianza kwa sala, kisha salamu za wageni, kisha Bwana Egyir, mkuu wa mipango miji wa halmashauri, aliyesema kwamba mji usiompa mtu pa kukaa unamtia wazimu. Araba alimtambua. Aliwahi kusimama mbele ya kioski akinyoosha kidole huku kijana akipaka rangi.

"Peleka mbele, Sista."

"Subiri. Huyo hapo."

Shati lilikuwa lile lile. Mikono haikukunjwa. Ebo alipanda jukwaani, akashika meza kwa mikono miwili, akainua kichwa. Na pale palipopaswa kuwa na uso palikuwa na ukungu. Doa la kijivu la mviringo, lililomfuata kila alikogeuka.

"Ni mashine hii? Ifute kioo."

"Si kioo," Sista Baaba alisema polepole. "Wamemfunika."

"Kwa nini?"

"Wagonjwa hufunikwa. Ni kwa heshima yao."

"Bwana Egyir mbona hakufunikwa?"

Kwenye kompyuta Ebo alianza kusema, na sauti haikuwa yake. Walikuwa wameishusha mpaka ikawa nzito kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa.

"Jina langu naitwa," ilisema, na jina likakatwa kwa mlio. "Mimi ni wa Sekondi. Wengine hapa mliniona nikitembea peku. Leo nina viatu, na vinanibana." Watu wakacheka. "Mmeniuliza mji uweje. Mimi mji siujui. Najua kioski cha dada yangu. Nakaa pale, nafumua nyuzi. Mtu akipita ananiita kwa jina, naitika. Nikiamka vibaya, dada anaona kabla yangu, ananipa nguo yenye mishono mingi nishughulike nayo mpaka kichwa kitulie. Hakuna aliyemfundisha. Na kioski hicho mmekitia msalaba mwekundu. Bwana mkubwa uliyekaa hapo, nakuuliza wewe. Kikiondoka, mimi nikae wapi?"

Ule ukungu ukamwelekea mtu aliyekaa mbele. Araba alijua kwamba nyuma yake macho yalikuwa wazi, yamekaza. Alikuwa ameahidi kuwatazama.

Ukumbi ulipiga makofi kwa muda mrefu. Wengine walisimama. Mwenyekiti aliinama kwenye kipaza sauti.

"Tunamshukuru sana mshiriki wetu mwenye uzoefu. Ushuhuda wa kugusa. Tutauzingatia. Sasa tuendelee na mada inayofuata."

Bwana Egyir alikuwa akiandika kitu kwenye simu yake. Ebo alibaki pale mezani, akisubiri jibu. Kisha msichana wa mkutano alimgusa kiwiko na kumwonyesha mlango wa pembeni, ule wa wahudumu wa jikoni. Ukungu uligeuka upande mmoja, ukageuka upande wa pili, ukatoka. Msemaji aliyefuata alikuwa ameshaanza kuonyesha picha za mabenchi ya mjini.

"Hakukwambia kwamba atasema habari ya kioski?" Sista Baaba aliuliza.

"Aliniambia atawaeleza habari za sindano."

Mlango uligongwa tena, safari hii kwa sauti ya mkuu wa kliniki. Sista Baaba alizima kompyuta, akavaa glavu mpya. Akatoka kwenda kudunga.

Araba alirudi ghorofani Takoradi kabla ofisi haijafungwa. Bi Dentaa alikuwa ameshashika mkoba wake.

"Madam, ile rekodi mmemfunika. Najua kuna ya kwanza, kabla hamjaifunika. Nipe sekunde moja tu. Picha moja."

"Nani alikuonyesha?"

"Niliota."

Bi Dentaa alirudisha mkoba mezani. Aliingia kwa bosi wake, akakaa huko, na Araba akasikia sauti ya mwanamume ikisema neno sera, na neno faragha, na tena neno sera. Bi Dentaa alipotoka alisimama badala ya kukaa.

"Ya kwanza ipo. Imehifadhiwa vizuri. Lakini kuonyesha uso wa mtu aliyeugua akili bila ridhaa yake ni kumvunjia haki yake. Ili tuutoe, mwenye uso aje mwenyewe hapa, na kitambulisho, aturuhusu."

"Mwenye uso."

"Ndiyo."

"Aje mwenyewe."

"Dada yangu, ndiyo kanuni. Imewekwa kwa ajili yao."

"Madam, angekuwa wa kuja, mimi ningeutafutia nini uso wake?"

Mashine ya baridi iliendelea kunguruma. Bi Dentaa akasema kwa ile sauti yake ya upole kwamba ofisi inafungwa.

Araba hakutoka. Alivuta kiti cha wageni, akakaa katikati, chini ya bango, na mkoba wake magotini. Aliulizwa anasubiri nini, akasema anasubiri jibu la swali la ndugu yake, kwa kuwa liliulizwa mbele ya watu na halikujibiwa. Bosi alitoka, akamtazama, akarudi ndani kupiga simu. Mlinzi alipopanda alikuwa mzee wa Shama anayemfahamu. Alivua kofia.

"Araba, usinitie aibu. Mimi nikikushika mkono leo, kesho nitamwambia nini Maame Ekua?"

Araba alisimama kwa ajili ya yule mzee, akashuka naye ngazi.

Ijumaa gari la halmashauri lilikuja, likakiinua kioski pamoja na alama yake. Cherehani Araba alikuwa ameitoa, sasa anashonea barazani nyumbani, ambako wateja wachache hufika. Paa Kwesi alimchapia tangazo lisilo na picha, maneno matupu, na watu hulipita kwa kuwa hawaoni sura.

Sista Baaba bado ana leseni. Siku moja alikuja, akaketi na Maame Ekua, na kabla hajaondoka akamweleza Araba kwamba kikao kile ndicho kinachotazamwa zaidi ya vyote. Mwishoni mtazamaji huulizwa maswali, na moja linataka aseme ni nini kilimsaidia yule mshiriki kupata nafuu. Jibu sahihi ni kioski cha dada yake. Anayelijibu anapewa alama mbili.