Boksi la Watu Wanne

Boksi la kwanza lilifika Jumatatu jioni, limefungwa nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira. Shangazi alilipokea mlangoni, akalipeleka jikoni, akapasua gundi yake kwa kisu cha vitunguu. Ndani kulikuwa na mapaja ya kuku yaliyochunwa ngozi, viazi vilivyokwisha kumenywa, karoti zilizokatwa vijiti, vifuko vya viungo vidogo kama kidole gumba, barafu ya kuzuia joto, na kadi ya picha inayomwonyesha mpishi aanze na nini na amalizie na nini. Shangazi alikuwa amepika tangu siku zile alipolazimika kupanda juu ya tofali ili aone ndani ya sufuria. Aliitazama kadi, akaiegemeza ukutani kwa heshima, akawasha jiko.

Wazo la boksi lilikuwa la mke wa nyumba. Alikuwa mfamasia, kutwa nzima amesimama nyuma ya kaunta akieleza watu vidonge vya kabla ya kula na vya baada ya kula, na jioni alirudi miguu imevimba na kichwa kinagonga. Kupika hakukuwa shida, maana aliyepika ni Shangazi. Shida ilikuwa kufikiria: leo tule nini, mafuta yapo, nyanya zimeisha, nani apite sokoni. Boksi liliahidi kufikiria kwa niaba yake. Kwenye simu aliulizwa familia yake ina watu wangapi, na majibu ya kuchagua yalikuwa wawili, wanne au sita. Akahesabu: yeye, mumewe, binti yao wa sekondari, na mdogo wa binti huyo, ambaye wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho. Akabonyeza wanne.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa mume. Aliitwa kuja kusaidia kwa wiki chache binti alipozaliwa, na wiki hizo zilikuwa hazijaisha. Alilala chumba cha nyuma, pamoja na meza ya kupigia pasi na mabegi ya nguo zilizowabana watoto. Kabla ya boksi alipika kwa macho, na chakula kinachopimwa kwa macho hakikosi kubaki. Wenzake wakishakula mezani, yeye alivuta kigoda jikoni akala kilichosalia, na kikisalia kidogo alikula kidogo. Ungemuuliza mke wa nyumba angekujibu, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba wifi yake ni mtu wa humu ndani, si mgeni wa kupakuliwa.

Jioni ile hakikubaki kitu. Mume alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani kuhakikisha kilo ni kilo. Kwa udadisi wa kikazi aliipima mifuko yote kabla haijafunguliwa, akakiri kwamba hajawahi kukutana na watu wakweli kiasi kile. Kila mtu alikuwa na paja lake, viazi vyake, na karoti zake.

Katikati ya mlo binti alikwenda jikoni kuchukua maji, akamkuta Shangazi amekaa mbele ya sufuria tupu, anaikwangua kwa kijiko taratibu ili isisikike.

"Shangazi, wewe unakula nini?"

Mezani watu walitazamana. Mke akasema hilo si jambo la kukatisha mlo, kila mmoja atoe kidogo. Wakachanga, na sahani ya tano ikawa na chakula cha kueleweka. Shangazi aliletewa kigoda chake, akakaa kwenye kona ya meza, akanawa mikono. Ndipo kipande cha kuku kilipoinuka kwenye sahani yake, kikavuka juu ya kichupa cha chumvi na kutua kwenye sahani ya mume kilikotoka. Viazi vikafuata kimoja kimoja, bila haraka. Kitinda alisogeza glasi yake ili vipite.

"Kimerudi," mume akasema.

"Labda hatukukiweka vizuri," mke akasema.

Walikiweka tena, kikarudi tena. Kwa kuwa kilikuwa kinapoa, wakala. Shangazi alijichemshia chai, ambayo haikutoka kwenye boksi na kwa hiyo ilikubali kukaa kikombeni.

Baada ya siku kadhaa za namna hiyo mke aliipigia simu kampuni. Alipokea kijana mwenye adabu zake, sauti laini kama ya mtangazaji.

"Mama, chakula chetu kinakwenda kwa waliohesabiwa," kijana alieleza. "Ambaye hajahesabiwa hakimtambui."

"Lakini yupo hapa nyumbani. Yeye ndiye anayekipika."

"Tunaelewa, mama. Mara nyingi ndiye anayekipika. Ukitaka, ongeza idadi. Unabonyeza sita, basi."

Mke aliziba simu kwa kiganja, akamwuliza mumewe.

"Sita?" mume alisema. "Wa sita ni nani? Tuanze kulisha mtu hewa?"

"Kwa hiyo nimwambieje?"

"Mwambie tunasubiri. Huenda siku moja wakaleta cha watano."

Huyo mtu hewa aliwasumbua sana. Walimjadili wakati wa kula na wakati wa taarifa ya habari: ataleta hasara gani, sehemu yake itatupwa wapi, si dhambi kutupa chakula. Mtu mwenye mwili wake, aliyekuwa nyuma yao anasugua masufuria, hakujadiliwa na mtu.

Hata hivyo mke hakuwa mbaya, na alitaka jambo hili limalizike vizuri. Akaamua kujaribu kampuni nyingine. Maboksi ya kampuni ya pili yalikuwa ya kijani, na samaki wake waliondolewa miiba mpaka ule wa mwisho. Kwenye sahani ya Shangazi samaki alitulia. Shangazi akakata kipande, akatia kinywani, akafumba mdomo, akatafuna hewa.

"Nani ananilisha?" Kitinda aliuliza, shavu limemjaa.

Kila kipande alichotia Shangazi kilitokea kinywani mwa mmoja wao. Binti alipaliwa. Mume alisema hawezi kula namna hiyo, mtu hajui tonge linakuja saa ngapi. Kampuni ya pili ikaachwa.

Kampuni ya tatu ilikuwa ya ghali, ya mboga zilizolimwa bila dawa, na kadi yake ilikuwa na picha ya familia inacheka ikitazama bakuli. Hiyo ilikuwa kali kuliko zote. Chochote kilichogusa sahani ya Shangazi kilirudi kuwa kibichi. Maharagwe yalikauka yakawa magumu, mchele ukajitenga punje punje, vyote vikatambaa mpaka jikoni, vikaingia kwenye vifuko vyao, na vifuko vikajifunga. Mke alisimama akitazama, mikono kiunoni. Alisema hii nayo inachafua meza, bora ile ya kwanza, na Jumatatu iliyofuata wakarudi kwenye ile ya kwanza.

Shangazi alikonda. Kabati la jikoni lilikuwa limebaki na chumvi, sukari na majani ya chai, kwa kuwa raha yenyewe ya boksi ilikuwa hiyo, kwamba hununui kingine. Hela ya sokoni, ambayo zamani ilipitia mkononi mwake, sasa ilikwenda moja kwa moja kwa kampuni. Alikaza kitenge, kesho yake akakikaza zaidi, akaendelea kuepua kuku kwa wakati ulioandikwa kwenye kadi.

Aliyeona ni jirani, fundi cherehani waliyepakana naye ukuta. Fundi hana macho ya bure, akikutazama anakupima.

"Wewe mbona gauni linakuvaa?" alimwuliza. "Unaumwa, au ndiyo fasheni?"

"Siumwi, mwenzangu. Nyumbani tunakula chakula cha boksi."

"Na wewe boksi linakupa nini?"

Shangazi alicheka kidogo. Fundi akaondoa vitambaa mezani, akampakulia wali na mchicha, akakaa mbele yake kuangalia. Shangazi alisubiri kwanza, mikono mapajani. Wali haukuondoka.

"Hapa kinakaa," fundi alisema.

"Kinakaa."

"Basi chakula hakina ubaya wowote."

Kuanzia hapo Shangazi alivuka kwa fundi kila alasiri, akala, akamsaidia kushona vifungo, kisha akarudi kuwapikia watu wanne. Nyumbani walipumua. Mke alisema amefurahi kuona wifi yake amepata rafiki, maana kukaa ndani peke yako si vizuri kwa umri ule. Mume alisema kumbe mambo hujipanga yenyewe.

Lakini kushiba kwa jirani hakukumtosha Shangazi, na hakujidanganya kuhusu hilo. Alitaka kula kwao. Jumamosi moja mume, yule mdogo wake, aliingia jikoni kukaza bomba lililokuwa likivuja, akapiga magoti na spana yake chini ya sinki, na Shangazi akaona bora amwambie akiwa pale chini ambapo hawezi kuondoka haraka.

"Mdogo wangu, andikeni sita."

Spana ilisimama.

"Hicho cha sita nitakula mimi kesho yake mchana," Shangazi alisema. "Hakitatupwa. Wewe nimekulea, unanijua. Nimewahi kutupa chakula?"

Alimjua. Mama yao alipofariki walikuwa bado watoto wote wawili, na ni dada aliyekuwa akipakua. Alikuwa anagawa sahani mbili sawa, halafu anasukuma nusu ya yake upande wa pili na kusema ameshiba, na mdogo wake, ambaye hata siku hizo alikuwa na jicho la mizani, alijua kwamba hajashiba na alikula.

"Nitaongea na wifi yako," alisema kutoka chini ya sinki.

Wiki ile aliongea na mkewe kuhusu ada za shule, kuhusu bomba, na kuhusu bosi mpya aliyeletwa kazini. Hili la sita hakuligusa. Shangazi alikuwa ukumbini anakunja nguo na alisikia yote. Iliuma sana. Miaka yote hiyo hakuwahi kuomba, na moyoni alikuwa na uhakika kwamba siku atakapoomba atapewa. Sasa alikuwa ameomba.

Ndipo kampuni ilipotangaza kifurushi kipya. Mke alikisoma kwenye simu akiwa amelala kwenye kochi, akainuka akaenda jikoni na kicheko.

"Wifi, habari njema. Kuanzia Jumatatu ni cha watu watano. Nimeshabonyeza."

"Watano?"

"Watano. Sasa uangalie, mifuko itaongezeka, usije ukachanganyikiwa na zile kadi zao."

Shangazi alisema hatachanganyikiwa. Mke aliporudi kwenye kochi yeye alibaki amesimama, kitambaa cha vyombo mkononi, mpaka maji yaliyokuwa jikoni yakachemka na kumwagika. Alikuwa na furaha aliyoionea haya. Jumatatu alasiri alisimama kwenye mlango wa fundi bila kuingia.

"Leo sili," alisema. "Leo nakula kwetu."

"Wamekuandika?"

"Wameniandika."

Fundi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Haya, dada'angu. Mungu saidia." Shangazi alikwenda kuoga, akavaa gauni ambalo fundi huyo huyo alikuwa amelipunguza kiunoni, akajifunga aproni juu yake, akafungua boksi. Mifuko kweli ilikuwa ya watano. Ilikuwa nyama ya ng'ombe na wali wa nazi, na aliipika kwa uangalifu wa mtu anayepikia mgeni wa maana.

Jioni alipanga sahani tano. Alileta kigoda kutoka jikoni, akakiweka kwenye kona ya meza, akakaa. Binti alisogeza kiti ili apate nafasi ya miguu. Hakuna aliyesema neno, na Shangazi akauchukua ukimya ule kuwa ndio karibu yenyewe. Alipakua cha wote, akapakua cha kwake. Wali ulitulia. Nyama ikatulia. Alinawa, akamega, akainua mkono.

Nyama iliinuka kabla mkono haujafika. Haikwenda kwa mume wala kwa watoto. Ilipita juu ya bega lake ikaelekea jikoni, na wali ukaifuata kwa mstari, punje nyuma ya punje, mpaka kwenye kabati la pembeni mwa sinki, ambapo juu yake palikuwa na kopo la plastiki lililoachwa wazi.

"Aa, wifi," mke alisema, na kwa kweli alikuwa ameona haya. "Hicho cha tano ni cha baba watoto, cha kubeba kazini. Si unajua kile chakula cha kule kinamharibu tumbo. Nilidhani nimekwambia."

Shangazi alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anatafuna na macho yake yalikuwa kwenye sahani.

"Hukuniambia," Shangazi alisema.

Alikaa pale kwenye kigoda mpaka wote wakamaliza, kwa sababu kuondoka mapema kungekuwa aibu kubwa zaidi. Kisha alikusanya sahani, nne chafu na moja safi, akaenda jikoni. Punje za mwisho za wali zilikuwa bado zinaingia kwenye kopo. Alizisubiri. Akaweka mfuniko, akaubana kila pembe mpaka ukalia.

"Usikiweke kwenye friji kikiwa cha moto," alimwambia mdogo wake kupitia mlangoni. "Kitachacha."

"Sawa, dada," alisema mume.

Kesho yake mchana, ofisini, mkaguzi wa mizani alifungua kopo na harufu ya nazi ikajaa chumba kizima. Mwenzake wa meza ya pili aligeuka, akameza mate, akamwuliza nani amempikia hivyo.

"Hakuna," alisema akitafuta kijiko. "Kinakuja kwenye boksi."