Kitambaa Juu ya Handaki la Upepo

Jumatano kompyuta iliganda tena, mara ya tano, na mimi nikalipuka.

"Hili takataka umeliokota wapi?" nilimwuliza Chenge mbele ya wateja waliopanga foleni ya fotokopi. "Soko huria ndiyo ruhusa ya kutumwagia majalala ya Ulaya hapa Mwanza?"

Chenge alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika la umma. Mafao yake yote aliyatia kwenye kompyuta mbili kuukuu na mashine ya fotokopi, akafungua ofisi pale Nyamagana, karibu na soko. Kompyuta ya pili alikuwa amenipa niitumie bure. Hilo nilikuwa nalijua vizuri wakati namfokea.

"Mwalimu Paskazia, mashine yangu nzima," alisema taratibu. "Barua za watu inachapa kila jioni na haijaniangusha. Labda hiyo disketi yako."

Disketi yangu! Nilitoka bila kuaga.

Disketi ile nilitumiwa na mhadhiri wangu wa zamani. Ndani yake mlikuwa na programu inayoiga handaki la upepo. Handaki lenyewe ni bomba kubwa ambamo wataalamu hupuliza upepo mkali kwenye mfano wa chombo, waone hewa inavyokipita. Sisi walimu wa fizikia wa kando ya ziwa bomba la namna hiyo tungelitoa wapi? Lakini kompyuta inaweza kuigawa hewa vipande vidogo vidogo na kupiga hesabu ya kila kimoja. Kazi hiyo ilihitaji saa nne mfululizo. Kila siku niliiwasha, nikarudi shuleni kufundisha, na kila niliporudi nilikuta imekufa njiani.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: nafasi ya masomo ya mwaka mzima nje ya nchi. Fomu ilidai matokeo ya kazi yangu mwenyewe, na bahasha iwe na muhuri wa posta usiozidi Ijumaa ya wiki hiyo. Umri wa mwisho ulikuwa miaka thelathini na mitano. Mimi nilikuwa nayo tayari.

Kazi yangu ilihusu pua ya chombo kinachorudi kutoka angani. Mkuu wangu wa shule, Mzee Kashindye, aliponisikia nasema pua butu ndiyo salama, alicheka mpaka akavua miwani. "Mwalimu, hata mtumbwi una ncha!" Sawa, mtumbwi una ncha, lakini mtumbwi hauchomwi na hewa. Chombo chenye ncha hushikwa na joto pale pale kwenye ncha. Chenye pua butu huisukuma hewa mbele yake, na joto jingi huondoka na hewa hiyo pembeni. Nilikuwa na hakika, ila hakika bila karatasi haiendi posta.

Ijumaa kidato cha tatu walikuwa na mtihani, kwa hiyo nilirudi kwa Chenge mapema bila kutarajiwa. Nilikuta kompyuta yangu imefunikwa gubigubi, kuanzia kioo mpaka kasha, kwa kitambaa cheupe chenye maua ya waridi pembeni.

"Shikamoo mwalimu!" Dorotea, mchapaji wa Chenge, aliruka akaanza kukivuta haraka. "Samahani, sikujua unakuja saa hizi. Huwa nakitoa kabla hujafika."

"Kimekuwa hapa kila siku? Mashine ikiwa inafanya kazi?"

"Si uliniambia mwenyewe vumbi lisiingie?"

Niliweka kiganja juu ya kasha. Lilikuwa la moto kama pasi ya mkaa, na kioo kimeganda tena. Na kitambaa kile nilikifuma mimi, kwa kroshia, wiki mbili nzima, nikamletea Chenge kama shukrani. Tena nilikuwa nimeshona nailoni kwa ndani na kujisifu kwamba hata hewa haitapenya.

Nilikaa chini. Nilitamani kulia, nikatamani zaidi kumpata mtu wa kumlaumu, nikamkosa.

Ilikuwa saa saba na robo. Posta hufungwa saa kumi na nusu. Hata mtoto angepiga hesabu hiyo. Tuliiacha mashine ipoe, kisha nikaiwasha upya hivyo hivyo, kwa ukaidi, nikakaa mbele yake nikiipepea kwa daftari la mahudhurio. Saa kumi na nusu ikafika ikapita, nami naendelea kupepea.

Karibu saa kumi na mbili printa ilianza kukwaruza. Picha ikatoka mstari kwa mstari: pua butu, na wimbi la joto limesimama mbele yake, halijaigusa. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Wateja watatu walikuwa bado wanasubiri. Nilipaza sauti ili wote wasikie, kama Jumatano.

"Chenge, mashine yako ni nzima. Mbovu nilikuwa mimi. Nisamehe."

Aliitazama karatasi. "Posta si wamefunga, mwalimu?"

"Wamefunga."

"Mwakani je?"

"Mwakani nitakuwa na thelathini na sita."

Dorotea alizima kompyuta, kisha akasimama kando yake ameshika kitambaa changu kwa mikono miwili.

"Nifunike, mwalimu?"

"Subiri," nilimwambia. "Iache ipoe kwanza."