Barua Iliyopewa Taji

Mchapaji hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana tukifika mwisho kuna atakayetaka kumzaba kibao.

Alikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala, chumba kimoja chenye mashine mbili, kompyuta iliyofutika herufi kwenye vitufe, na feni iliyolalamika kuliko wateja. Watu walimtumia kazi zao kwa barua pepe ya duka: maombi ya kazi, kadi za harusi, ripoti za shule. Yeye anachapa, wao wanakuja kuchukua.

Kwenye simu alikuwa mtu mwingine kabisa. Huko aliitwa Bosi. Aliongoza kundi la watu elfu arobaini lililoitwa Mashine Imelewa, na shughuli ya kundi ilikuwa moja tu: kucheka maandishi ya ovyo yaliyotungwa na kompyuta. Mtu anaiomba kompyuta hotuba ya mahafali, inamtolea hotuba ya kuwapongeza wahitimu kwa kufariki vizuri. Anaileta kundini, watu wanavunjika mbavu. Kila Ijumaa walipiga kura, na andishi lililochekesha kuliko yote likapewa Taji. Mataji mengi yalitoka dukani kwa Mchapaji, maana siku hizi nani anajisumbua kuandika mwenyewe? Wateja walimletea makorokoro ya mashine bila hata kuyasoma, naye akawa na mtindo wake: anafungua faili, anasoma mistari minne ya juu, akiona mashine imelewa anapiga picha ukurasa mzima na kuutupa kundini. Mistari minne ilimtosha. Na alijivunia hilo, masikini!

Dada yake alikuwa mwanachama pia. Dada huyu ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Mchapaji alikuwa na miaka sita na dada kumi na tisa. Dada akaacha chuo, akamfulia, akampikia, akamsimamia mpaka akaota ndevu. Sasa ulikuwa umepita mwaka tangu dada apatwe na kiharusi. Mkono ulirudi, mguu ukarudi, maneno nayo yakarudi, ila yamechanganyika. Akitaka kusema chumvi, anasema dirisha. Jina la mdogo wake lilimpotea kabisa, ikawa anamwita lolote linalomjia mdomoni: Kijiko, Mwavuli, siku moja Sufuria. "Karibu, Kijiko!" alikuwa akisema, mikono yote miwili juu, na wote wawili wanacheka mpaka machozi.

Mchapaji alimtembelea kila Jumapili. Alikaa saa nzima akiwajibu watu wa kundi kwenye simu, huku dada akihangaika kumweleza jambo. "Ehe, dada. Ehe," alisema, macho kwenye kioo.

Basi Jumatano moja ikaingia faili kutoka kwa mtu asiyemjua. Ujumbe ulikuwa mfupi: nakala ishirini, zifungwe kama kijitabu, tafadhali. Mchapaji akafungua ukurasa wa kwanza.

"Ndugu yangu mpendwa, nakuandikia nikiwa na miguu miwili ya chai. Kabati lilianguka ndani ya kichwa changu na nguo zote zikabadilishana majina. Usiogope. Mvua ya daktari inasema nitaiva."

Alicheka hadi mteja aliyekuwa akisubiri nakala za cheti akauliza kulikoni. Akapiga picha, akaitupa kundini na maneno yake juu: "Jamani, hii haijalewa tu, hii imesahau na njia ya kwao."

Kundi likawaka moto. "Miguu miwili ya chai! Nimekufa, nizikeni." "Nitaiva! Mwambieni aongeze kuni." Mmoja aliyejitia mtaalamu alieleza kwa aya sita kwamba binadamu hawezi kukosea namna hii hata akitaka. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyeandika, "Mbona naona kama ni mtu anayeumwa?" Alizomewa huyo! Na Bosi mwenyewe akamjibu: "Mama, hapa ni kwa kucheka. Msiba uko mlango wa pili." Mwanamke akajitoa kundini, wakamsindikiza kwa vicheko.

Ijumaa mchana barua ikapewa Taji kwa kura ambazo hazijawahi kuonekana. Katika shamrashamra hizo mtu mmoja akaandika: "Mimi iliyonimaliza ni ile ya chini, 'Pasi ilipokula mguu wako wa kushoto nililia mimi, wewe ukanifuta machozi.' Mashine na pasi wapi na wapi?"

Mchapaji akasimama. Taratibu akainama, akapandisha suruali mguu wa kushoto. Kovu lilikuwapo juu kidogo ya kifundo, lenye ncha kama ya pasi, la tangu ana miaka saba. Hapo ndipo alipoisoma barua ile mpaka chini, kwa mara ya kwanza.

"Nilikupika kila asubuhi, nikakupeleka shule ungali moto. Mwalimu aliniita mama, nikakubali. Pasi ilipokula mguu wako wa kushoto nililia mimi, wewe ukanifuta machozi. Kila sahani ya saba unakuja, lakini unaongea na mkono wako. Sikasiriki. Nipe muda. Jina lako lipo, nalisikia likitembea chumba cha pili. Nitalifikia."

Sahani ya saba ni Jumapili. Na mkono anaoongea nao, kila mtu anajua ni nini. Hakuna neno hata moja aliloshindwa kulielewa, ndiyo balaa yenyewe. Alilia pale pale nyuma ya kaunta.

Akaifuta picha. Wapi! Ilikwisha kunakiliwa na makundi mengine, kuna aliyeichapa hadi kwenye fulana. Akaandika kundini: "Ndugu zangu, nimekosa. Barua ile si ya mashine. Imeandikwa na dada yangu aliyenilea, anaumwa. Nawaomba kwa unyenyekevu, mlioihifadhi muifute."

Vicheko vikamwagika. "Duh! Mashine imejifunza kulia!" "Bosi, hii umeitoa wapi? Kali kuliko ya kwanza!" Yule mtaalamu akarudi na aya sita nyingine, akathibitisha kwamba binadamu wa kawaida haombi radhi kwa sentensi zilizonyooka vile. Mchapaji akaapa. Wakacheka zaidi. Kufikia saa kumi, msamaha wake ulikuwa unaongoza kwa Taji la wiki ijayo. Na angemlaumu nani? Yeye ndiye aliyewafundisha kucheka hivyo.

Akafunga duka, akaenda kwa dada yake.

Mpwa wake ndiye aliyefungua mlango, binti mkubwa wa dada. Hakumkaribisha.

"Ameiona, mjomba. Tangu Jumatano."

"Aliionaje?"

"Kila unachoweka huwa anabonyeza kicheko kwanza, ndipo anasoma. Akabonyeza, akaanza kusoma." Binti akaendelea: "Daktari wa matamshi aliwaambia wagonjwa wake waandike barua bila kusahihisha, zitengenezwe kitabu. Mama akamwomba azitume kwako, yake ikiwa ya kwanza. Alitaka uifungue wewe mwenyewe, mjomba. Iwe zawadi."

"Mbona hukunipigia?"

"Alinikataza. Na mimi nilidhani unajua ni yake. Nilidhani umeisoma."

Mchapaji akampita, akaingia ndani.

Dada alikuwa ameketi mezani na daftari. Ukurasa wote umejaa neno moja, mstari baada ya mstari, juu limepinda na herufi zimerukana, chini limenyooka. Alipomwona mdogo wake akaliweka daftari kando na kukunja mikono.

Mchapaji akapiga magoti. "Dada, nisamehe. Sikujua ni wewe. Sikusoma, dada, hayo ndiyo makosa yangu, sikusoma."

Akamtazama mdomoni. Alikingoja Kijiko. Aliingoja Sufuria. Siku hiyo angepokea hata Ndoo, na angeshukuru.

Dada akavuta pumzi, akaipanga midomo sawasawa, akamwita jina lake. Lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, zima, bila kosa hata moja. Kisha akasema, "Karibu."

Binti akageukia ukutani. Siku mbili mama yake alikuwa akilifanyia mazoezi jina hilo, asubuhi na jioni, ili asichekwe tena.

"Niambie chochote, dada," Mchapaji akasema. "Hata yakija yamechanganyika. Yaache yaje tu."

"Hapana," dada akasema. "Asante."

Alimpa chai, akamsogezea sukari. Aliulizwa kama anajisikia vizuri akasema ndiyo. Aliulizwa kama ana hasira akasema hapana. Maneno aliyokuwa na hakika nayo ndiyo hayo tu, na zaidi ya hayo hakuthubutu.

Saa nzima simu ilitetemeka mfukoni mwa Mchapaji na hakuigusa. Alikaa pale akimtazama dada yake mdomoni, akisubiri neno moja la makosa. Halikuja.