Hakimu Akataa Kila Kitu

Mzee Mng'aro hakuzaliwa na jina hilo, lakini lile alilozaliwa nalo hata mkewe alishaanza kulisahau. Watu walimwita Mng'aro kwa sababu chochote cha chuma au cha shaba kikipita mikononi mwake kilitoka kinawaka. Alikuwa mtunzaji wa chumba cha matandiko katika shule ya kupanda farasi. Kazi yake ilikuwa kupaka ngozi mafuta, kushona mikanda iliyofumuka na kusugua shaba. Mbili za kwanza alizifanya kwa sababu aliajiriwa azifanye. Ya tatu ungelazimika kumfunga kamba ili aache.

Na shuleni hapo palikuwa na desturi iliyomkaa kama nguo ya kupimiwa. Kila Jumamosi asubuhi, kabla farasi yeyote hajatoka, mwenye shule alipita na kitambaa cheupe mkononi. Alikuwa mjane mrefu asiye na haraka, na wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Mkubwa. Alipangusa kila pete, kila bizimu, kila kibati. Kitambaa kikichafuka, alikinyoosha mbele ya macho ya mhusika, wenzake wote wakitazama, wala hasemi neno. Kimya hicho kiliwatoa watu wazima jasho. Kwa miaka kumi na mmoja kitambaa hakijawahi kuchafuka kwa Mzee Mng'aro. Mwenyewe hakupenda kujisifu. Aliwaachia wengine nafasi wamsifu, na wakichelewa, aliwakumbusha.

Katika farasi tisa wa pale, mmoja alikuwa wa roho yake. Huyo ni Hakimu, farasi wa rangi ya kahawia, mwenye uso mrefu wa mtu aliyesikiliza kesi nyingi na kuchoshwa na uongo wa binadamu. Alipoletwa alikuwa mbavu tupu, haruhusu mtu amguse masikio. Mzee alikaa naye bandani siku nyingi, akimlisha kiganjani, akimsimulia habari za majirani. Tangu hapo, kila Mzee alipoinama kumfunga mikanda, Hakimu alimwekea kidevu begani na kushusha pumzi ndefu. Mzee alikuwa akisema kwamba hata watoto wake wa kuwazaa hawajawahi kumwamini kiasi hicho. Watoto wake, waliposikia, hawakukanusha.

Sasa, juu ya ukanda wa puani wa Hakimu palikuwa na kibati cha shaba, kipana kama kiganja cha mtoto, kilichochongwa jina lake. Marehemu mume wa Mama Mkubwa ndiye aliyekikata, akakichonga na kukipigilia kwa mkono wake mwenyewe, mvua za mwaka huo zilipoanza, wiki chache kabla ya kufariki. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Mama Mkubwa alikipangusa kibati hicho taratibu kuliko vyote, na hapo watu walitazama pembeni wakajifanya wana mafua.

Mvua zikaisha, jua likatoka kwa nguvu, na Hakimu akaanza kutikisa kichwa.

Bandani alikuwa mtulivu kama siku zote. Lakini akivalishwa hatamu na kutoka na mpandaji mgongoni, hatua ishirini hazifiki, kichwa kinarushwa juu, kinatupwa kushoto, kinatupwa kulia, pua inapiga chafya. Ungedhani kuna watu mbele yake wanamwomba msamaha na yeye anawakatalia mmoja mmoja. Karani wa posta, aliyekuja kujifunza kupanda ili apunguze kitambi, aligongwa pua na shingo ya Hakimu akashuka akiwa ameishika kwa mikono miwili. Alisema atarudi pua ikipona. Pua ilipona, karani hakuonekana.

Akaitwa daktari wa mifugo. Aliingiza mkono kinywani mwa Hakimu hadi kwenye kiwiko, akapapasa jino moja baada ya jingine.

"Meno haya ningeyatamani mimi," alisema, akatia dawa ya matone puani.

Siku hiyo mawingu yalikuwa yametanda. Hakimu alitembea shingo imenyooka, daktari akapongezwa na kuagwa kwa heshima zote. Kesho yake jua likawaka, na Hakimu akazikataa heshima zile.

Ikawa zamu ya Mwalimu, kijana aliyefundisha kupanda, ambaye pia alikuwa mpwa wa Mzee Mng'aro.

"Mjomba, ni lijamu hii," alisema, akionyesha chuma cha kinywani. "Inambana."

Akaibadilisha. Mawingu yakakaa siku mbili, na kwa siku mbili hizo Mwalimu alitembea kifua mbele akitoa ushauri ambao hakuombwa. Siku ya tatu jua lilitoka, kifua kikarudi ndani. Akajaribu wavu wa kuzuia nzi. Wavu ulifika kona ya kwanza tu. Waliukuta umening'inia kwenye uzio, na Hakimu akiutazama kwa dharau.

Na Mzee Mng'aro? Yeye naye hakukaa mikono mifukoni. Alikuwa na nadharia yake.

"Farasi ni kama mtu," alimwambia mpwa wake. "Akijua amependeza, anatulia. Tatizo letu ni kwamba huyu mtoto hajang'arishwa ipasavyo."

Basi akasugua. Hakimu akitikisa kichwa Jumatatu, Jumanne kibati kinasuguliwa mara mbili. Akitikisa zaidi Jumanne, Jumatano kinasuguliwa kwa majivu, kwa ndimu, kisha kwa kipande cha sufi alichokitoa kwenye sweta lake zima. Kikafika mahali Mwalimu akawa anakitumia kujitazama anapochana nywele. Kadiri shaba ilivyozidi kuwaka ndivyo farasi alivyozidi kurusha kichwa, na kadiri alivyorusha kichwa ndivyo Mzee alivyozidi kusugua. Hakuna hata mmoja, kuanzia daktari mwenye cheti chake, aliyeunganisha moja na mbili. Na kibati cha marehemu nani angethubutu kukishuku?

Alhamisi Mama Mkubwa aliwaita wote uani.

"Jumamosi nitampanda mimi mwenyewe," alisema. "Mzunguko mmoja wa uwanja. Akitulia, anabaki. Akitikisa kichwa, Jumapili lori la mwenye tanuri la matofali litamchukua. Kule anavuta mkokoteni, na kichwa atikise apendavyo."

Mzee Mng'aro aliwahi kuwaona farasi wa matofali, vumbi jekundu hadi kwenye kope, hakuna anayejua majina yao. Akarudi kwenye chumba cha matandiko, akafunga mlango, akachukua kitambaa.

Alisugua Alhamisi alasiri yote. Ijumaa vilevile.

Jumamosi aliamka kabla ya jogoo kujua kuna kazi. Hakuwa na shaba ya kusugua pale nyumbani, na mikono ikiwa na wasiwasi haitulii, kwa hiyo akalivamia birika la chai. Mkewe alipoingia jikoni, jua nalo lilikuwa limeingia kwa dirisha la nyuma ya mumewe, na birika limesimama katikati ya meza kama taa ya gari.

Mama watoto aliketi mahali pake pa siku zote, akiangalia dirishani. Akamimina chai.

"Unaonaje?" Mzee aliuliza. "Hakimu atatulia leo?"

Mkewe akatikisa kichwa.

"Lakini labda Mama Mkubwa atamhurumia?"

Mkewe akatikisa kichwa tena, kwa nguvu zaidi, na kukunja uso.

"Hata matumaini kidogo huna?"

Kichwa kikaenda kushoto, kikaenda kulia.

"Basi hata kunidanganya huwezi!" Mzee alifoka, akagonga meza. "Mume wako nateketea hapa, wewe unakataa tu!"

"Nakataa nini?" mkewe naye akawaka. "Hata sijasikia ulichosema! Hilo birika lako linanipiga macho! Miaka thelathini nakaa upande huu wa meza, miaka thelathini nageuza shingo kama kuku anayenyweshwa dawa. Nikilisogeza, unalirudisha. Nikiliacha lipate masizi, unalisugua. Siku moja nitapofuka, na utakachofanya ni kuning'arishia miwani!"

Mzee Mng'aro alimtazama mkewe. Akalitazama birika. Akalisogeza kidogo kushoto. Mwanga ukahama, uso wa mkewe ukatulia. Akalirudisha, shingo ya mkewe ikaruka.

"Mungu wangu," alisema. "Fanya tena."

"Nifanye nini tena?"

"Hivyo hivyo! Hapana, usifanye. Mama watoto, nimemuumiza Hakimu! Ni mimi!"

Akatoka mbio, kiatu kimoja kimefungwa na kingine hakijafungwa. Mkewe alinyanyuka na kuchungulia mlangoni, akaona jinsi mzee wa miaka sitini na mbili anavyoweza kuruka mtaro.

Alipofika shuleni, farasi walikuwa wameshapangwa uani, na Mama Mkubwa alikuwa kwa farasi wa tatu, kitambaa mkononi. Hakimu alikuwa wa tisa. Mzee alijaribu kukitoa kibati. Kilikuwa kimepigiliwa na mtu aliyetaka kidumu. Akafikiria kukifunga kitambaa, akaukumbuka wavu wa nzi kwenye uzio. Mama Mkubwa akafika kwa wa tano. Mzee akaingia chumba cha matandiko, akatoka na kopo la kiwi nyeusi, ile ya kung'arishia buti.

Akafungua kifuniko. Miaka kumi na mmoja. Na si shaba yoyote tu, ni kazi ya mwisho ya mkono wa marehemu. Hakimu akamwekea kidevu begani, akashusha pumzi.

"Nyamaza," Mzee alimwambia. "Usinilize."

Akachota kiwi kwa vidole viwili, akakipaka kibati chote, jina na misumari yake, hadi kikawa cheusi kama chungu cha maharage.

Mama Mkubwa alifika. Alipangusa bizimu, safi. Pete, safi. Kisha, taratibu kama desturi yake, akapitisha kitambaa juu ya kibati cha mumewe.

Farasi wenyewe wakaacha kutafuna. Kitambaa kilikuwa cheusi tii. Mama Mkubwa alikitazama. Akakiinua mbele ya macho ya Mzee Mng'aro. Mwalimu alifumba macho.

"Huyu ni mume wangu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeye kusema neno akiwa na kitambaa mkononi.

"Najua, Mama," Mzee alijibu, machozi yakimlengalenga. "Panda kwanza. Ukishashuka, unifukuze."

Mama Mkubwa alilichukua kopo mikononi mwa Mzee. Kisha akapaka kiwi iliyobaki pale alipopangusa, kwa kidole chake, labda kwa hasira, labda kwa kutotaka kuiona aibu hiyo ikiwa nusu, akapanda.

Jua lilikuwa limeshawaka juu ya uwanja wote. Hatua kumi. Ishirini. Mzee alizihesabu kwa sauti bila kujua. Hakimu alifika kona ya kwanza, ile ya wavu, akaipita. Kona ya pili. Shingo imenyooka, masikio mbele. Alimaliza mzunguko, na Mama Mkubwa, ambaye alisema ni mmoja, akampitisha wa pili, na wa tatu mbio kidogo.

Aliporudi alishuka, akakikunja kitambaa upande uliobaki mweupe, akasugua kibati hadi shaba ikaonekana. Mwanga ukaruka. Hakimu akarusha kichwa. Akakifunika kwa kiganja, kichwa kikatulia. Akafunua, kikaruka. Alifanya hivyo mara nne, mpaka Hakimu akamwangalia kama anayeuliza kama kuna akili kweli humo ndani.

Mama Mkubwa akaanza kucheka. Hakuna aliyemsikia akicheka tangu siku ya mazishi. Alicheka akiwa ameegemea shingo ya farasi, akicheka na kulia pamoja.

"Mwanamume yule!" alisema. "Alipokuwa hai alinipigia kelele asubuhi hadi jioni. Na sasa yuko kaburini, bado ananisumbulia farasi!"

Akajifuta macho kwa kile kitambaa, na uso ukabaki na mistari ya kiwi. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Aliagiza kibati kitolewe kwa uangalifu na kipigiliwe ndani ya banda la Hakimu, kivulini, mahali Mzee Mng'aro atakapoweza kukisugua mpaka mikono imchoke. Kitambaa alimkabidhi Mzee, kichafu vilevile.

"Kiweke," alisema. "Jumamosi nitakuja na kingine."

Mzee alirudi nyumbani mchana akitembea pole pole. Mkewe alikuwa jikoni.

"Wamekufukuza?" aliuliza.

"Amebaki," Mzee alisema, akaketi. "Hakimu amebaki." Akalichezea birika. "Mama watoto. Kwa hiyo miaka yote hii, nikikuuliza mambo hapa mezani asubuhi, ulikuwa hunikatalii?"

"Mengi hata sikuyasikia."

"Lile la kupanda maua mbele ya nyumba?"

"Maua nayapenda."

"La kwenda kumtembelea mdogo wangu kule alikohamia, sisi wawili tu?"

"Uliwahi kuniuliza hilo?" Mkewe aliacha kuosha vyombo. "Lini?"

"Miaka kumi na minne iliyopita," Mzee alisema. "Nilidhani hutaki kusafiri na mimi."

Mkewe alikuja akaketi, safari hii upande wa mumewe, mgongo kwa dirisha.

"Na lile la mama yako kuhamia kwetu?" Mzee aliuliza.

"Uliyemtaja ni mama yako wewe, siyo wangu," mkewe alimsahihisha. "Na lile nilikuwa nakataa."

Mzee Mng'aro aliliweka birika juu ya mkaa na kuliacha lipate masizi. Ilimuuma wiki nzima, lakini hakuligusa.